Chupa Namba Ishirini na Nne

Daktari Lauro Quintela alimwonyesha mpelelezi Rejane Scarpelini kiti kilichokuwa kifupi kuliko chake. Rejane alikitazama, akabaki amesimama.

"Nina dakika kumi," daktari alisema.

"Mimi ninazo mpaka saa kumi jioni. Saa kumi jaji anaamua kama Ilza Pavan anapelekwa gereza la wanawake kusubiri kesi, au anarudi nyumbani kwa mtoto wake. Tuanze na hizo dakika zako."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, na nje jua la mji wa Ribeirão Preto, huko Brazili, lilikuwa limeshaanza kuchoma. Ndani ya kliniki ya Brisa Mansa kulikuwa na baridi ya kuhifadhia nyama. Ukutani kwa daktari kulikuwa na vyeti kumi na kimoja, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vya gofu.

Kesi yenyewe ilikuwa imekaa vizuri mno, na hilo ndilo lililomkera Rejane. Ilza Pavan, mfamasia wa kliniki hii, aliachana na mumewe miaka miwili iliyopita kwa matusi na polisi mlangoni. Mume huyo, Wanderlei Tozzo, muuza vipuri vya pikipiki, alikuja hapa Jumanne iliyopita kunywa mafuta ya jaribio. Saa saba mchana pikipiki yake ikaingia chini ya lori la miwa. Damu yake ilikutwa na klonazepam, yale matone ya kutuliza ambayo nusu ya mji inayo kando ya kitanda. Chupa namba ishirini na nne, iliyokuwa yake, ikakutwa na dawa hiyohiyo. Aliyeijaza ni Ilza. Alfajiri ya Jumatano Ilza akatolewa kitandani na pingu, na binti yao Lorena, wa miaka tisa, akachukuliwa na mama yake Wanderlei. Bibi huyo, tangu siku hiyo, anamfundisha mtoto kwamba mama yake ni muuaji.

Mkuu wa Rejane, bwana Valdemir, aliona hapo hakuna la kuongeza. Valdemir alikuwa mtu wa kupenda kesi iishe kabla ya chakula cha mchana.

"Nieleze tena jaribio lenu linavyokwenda," Rejane alisema. "Taratibu, kama unamweleza mjinga."

"Hilo halitanipa tabu." Daktari akaegemea kiti. "Washiriki sitini, wote watu wa wasiwasi, wale ambao ukiwaambia simama uongee mbele za watu wanataka ardhi ipasuke. Nusu wanakunywa kanabidioli, ile dawa itokayo kwenye bangi lakini haileweshi mtu. Nusu wanakunywa mafuta ya mahindi matupu, yametiwa ladha ileile. Anayekunywa hajui anakunywa nini, muuguzi hajui, mfamasia hajui. Baada ya saa moja na nusu, mshiriki anapewa dakika mbili aandae hotuba, halafu anasimama mbele ya kamera anaongea dakika nne huku anajiona kwenye runinga. Tunapima moyo unavyodunda, naye anajaza fomu ya jinsi alivyojisikia."

"Mafuta yanatoka wapi?"

"Kiwandani kwangu. Madumu mawili, A na B. Ilza anajaza chupa kwa kufuata namba zilizopangwa na kompyuta. Siri ya A ni nini na B ni nini inakaa kwenye bahasha iliyofungwa, kwangu."

"Bado imefungwa?"

"Niliifungua usiku wa Jumanne. Mshiriki akifa, kanuni zinaruhusu." Akasukuma karatasi mezani, huku ameridhika na nafsi yake. "Chukua nakala. Ishirini na nne ni dumu B. Mahindi matupu. Unaelewa maana yake? Mtu alipaswa kunywa mafuta ya kukaangia viazi, akafa na klonazepam kwenye damu. Nani mwingine angeitia?"

"Na hawa wa dumu A, dawa iliwasaidia?"

"Walitulia kama maji mtungini. Sijawahi kuona matokeo mazuri namna ile, na nimesoma kila kilichoandikwa juu ya kanabidioli na wasiwasi."

"Hapo mapokezi mnauza chupa ya mafuta haya. Nzima ina miligramu mia mbili. Kwenye jaribio kila mmoja alikunywa mia tatu kwa mkupuo."

"Ilza amekufundisha."

"Amenifundisha, ana muda mwingi siku hizi. Kwa hiyo mteja wako anadondosha matone matano chini ya ulimi, na ili apate kile mlichokipima ilibidi anywe chupa moja na nusu."

"Wateja wetu wanaridhika."

"Sikuuliza kama wanaridhika."

Daktari akatazama saa yake. Rejane akaikunja ile karatasi na kuitia mfukoni.

"Chupa zilizotumika ziko wapi?"

"Kwenye kabati la chumba cha majaribio. Kuna funguo mbili, wa Ilza na wangu. Mkuu wako alichukua chupa ile moja aliyoihitaji."

"Ndivyo alivyo mkuu wangu," Rejane alisema, akatoka bila kuaga.

Chumba cha majaribio kilikuwa na kamera, runinga, kiti kimoja na bendera ndogo ya kampuni. Muuguzi Jandira, mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi mwenye miwani ya kamba, alikuwa anapanga kadi za namba zilizofungwa uzi. Kila mshiriki huivaa yake shingoni kabla ya kupewa chupa ya namba hiyohiyo.

Rejane alizipitisha kadi vidoleni moja moja. Akafika ishirini na nne, akasimama.

Jana alikuwa amekwenda kwa marehemu kutazama nyumba. Jirani wa kushoto ana namba ishirini na mbili. Jirani wa kulia ana ishirini na sita. Kwa Wanderlei, juu ya geti la chuma, kulikuwa na namba ya shaba inayong'aa: 22-A. Rejane alimdharau papo hapo akaendelea na shughuli zake, maana alishaona wa aina hiyo wengi. Kwenye bahati nasibu ya wanyama, ile iliyokatazwa na sheria na ambayo wakala wake anakaa ng'ambo ya kituo cha polisi, kila namba ina mnyama wake. Ishirini na nne ni ya swala. Na swala, kwa wanaume wa huku, ni jina la kumtukania mwanamume anayelala na wanaume. Basi yapo madume yenye misuli na pikipiki kubwa ambayo hayakai kiti namba ishirini na nne kwenye basi, hayavai jezi yake, na yakiwa hospitali yanaomba kitanda kingine. Mwanamume mzima, ana madeni na ndevu, anamkimbia swala wa kuchorwa.

"Dada Jandira," Rejane alisema, "Wanderlei Tozzo aliivaa kadi hii?"

Jandira hakuinua kichwa. "Orodha inasema ni yake."

"Orodha nimeisoma. Nakuuliza wewe."

"Mimi nafuata utaratibu, afande."

"Nyumba yake haina namba ishirini na nne getini. Ameibadilisha, kwa gharama yake mwenyewe. Halafu mtu huyohuyo aje hapa, avae swala kifuani mbele ya kamera, kwenye chumba cha kusubiria kilichojaa watu?"

Muuguzi aliweka kadi chini. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

"Nitafukuzwa kazi."

"Mwenzako atafungwa miaka ishirini."

"Tumefanya majaribio matatu hapa," Jandira alisema polepole. "Mara zote tatu ishirini na nne imeangukia mwanamume, na mara zote tatu imekuwa vurugu. Wa kwanza alisema anaondoka. Wa pili alisema hajambo, lakini akaigeuza kadi nyuma mbele. Huyu Wanderlei aliiangalia tu, akaniuliza kama namtania. Nikamwambia baba, hii ni namba tu. Akasema kama ni namba tu, vaa wewe. Watu wakaanza kucheka pale kwenye viti. Akawa mwekundu mpaka masikioni."

"Ikawaje?"

"Kuna bibi alikuwa amekaa pembeni, Bi Cleusa. Akasema mpeni huyo mtoto kadi yangu, mimi sina shida na wanyama. Yeye alikuwa na thelathini na saba. Wakabadilishana."

"Kadi tu?"

"Kadi na chupa. Chupa inakwenda na kadi, afande. Kila mmoja alikunywa ya namba aliyoivaa. Niliwapa kwa mkono wangu huu."

"Na hukuandika."

"Ningeandika nini? Kwamba utafiti wa kisayansi umevurugwa na swala? Daktari asingeniuliza. Yeye washiriki hawatazami hata usoni, anasoma karatasi."

"Mwambie Ilza huko mahabusu kwamba ulikuwa unaogopa kuandika," Rejane alisema. "Uone kama atakupa pole. Washa hiyo runinga."

Jandira aliwasha. Picha za Jumanne zilikuwepo zote, hakuna aliyejisumbua kuzitazama. Wanderlei Tozzo alitokea akiwa na shati la mikono mifupi na kadi shingoni, namba thelathini na saba. Hofu yake ilikuwa ya kuongea mbele ya watu, hivyo ndivyo alivyojiandikisha. Lakini pale aliongea juu ya vipuri vya pikipiki kwa dakika nne bila kutetemeka, maneno yanateleza taratibu, kope zimelegea. Mwisho alimtabasamia mpigapicha.

Halafu akaja Bi Cleusa Marchetti, kadi ishirini na nne. Mwanamke mdogo, mkavu, kama kilo hamsini na nguo zake. Mikono yake ilikuwa inagongana. Alisema sentensi mbili juu ya kushona gauni la bi harusi, akanyamaza, akaanza upya, akalia. Bado alisimama mpaka dakika ya nne.

Rejane alirudisha nyuma akaitazama tena. Kisha akaagiza kabati lifunguliwe. Kwa kufuata ile nakala ya daktari, alitia chupa saba kwenye mifuko ya ushahidi: thelathini na saba, tatu nyingine za dumu A, na tatu za dumu B. Akampigia mkemia wa polisi, Otacílio, mzee asiyependa kuharakishwa.

"Nataka kujua zina nini kabla ya saa nane."

"Nataka kwenda ufukweni," Otacílio alisema. "Kila mtu ana anachotaka."

"Na ile damu ya Tozzo, uipime tena. Safari hii tafuta kanabidioli."

"Mbona hakuna aliyeniambia niitafute?"

"Kwa sababu karatasi ilisema amekunywa mahindi."

Otacílio aliacha mzaha. "Lete hizo chupa," alisema.

Bi Cleusa aliishi nyuma ya kanisa, kwenye nyumba yenye vyumba viwili na cherehani tatu. Alikuwa amestaafu ushonaji, lakini cherehani zilikuwa hazijaambiwa. Alimwekea Rejane kahawa yenye sukari ya kutosha watu wawili na mikate ya jibini iliyotoka kwenye tanuri sasa hivi, akasimama kumwangalia mpaka alipouma.

"Umekuja kwa ajili ya yule aliyekufa," alisema.

"Mlibadilishana namba?"

"Tulibadilishana. Nina wajukuu wa kiume wanne, najua upuuzi wao. Ukimwachia mtu kama yule, asubuhi nzima inaisha hapo."

"Ulikunywa chupa ipi?"

"Ishirini na nne. Niliimaliza, ilikuwa na utelezi mbaya."

"Ukajisikiaje?"

Bi Cleusa akakaa. "Mwanangu, mimi nilikwenda pale kwa sababu padri ananiomba nisome somo la Jumapili, na kila nikisimama pale mbele sauti inakauka. Nikasikia kuna mafuta. Nikanywa, nikasubiri. Nilitetemeka kuliko siku zote. Nikarudi nyumbani nimekasirika, nikapika maharage, nikafua mapazia. Nilijiona mimi ndiye mbovu, kwamba hata dawa imenishinda."

"Hukusinzia?"

"Nisinzie saa ngapi, na mapazia yale?"

"Bi Cleusa, ile chupa ilipopimwa ilikutwa na klonazepam ya kumlaza mwanamume wa kilo tisini."

Mama yule alimtazama kama fundi anavyotazama mshono wa mtu mwingine. "Basi aliyeipima apimwe yeye. Mimi nikinywa nusu ya kile kidonge cha dada yangu nalala mpaka kesho yake."

"Aliyeipima amepima sawasawa. Wewe ulikunywa mahindi matupu. Dawa ilitiwa baadaye, kwenye chupa ambayo ulishaimaliza."

"Ili iweje?"

"Ili mtu afungwe."

Bi Cleusa alisukuma sahani ya mikate mbele yake. "Kwa hiyo mimi sikushindwa na dawa," alisema. "Sikupewa."

"Hukupewa."

"Wangeniambia, basi. Nimejidharau siku sita."

Saa nane na robo, Daktari Quintela alikuwa kwenye chumba cha mahojiano, na safari hii kiti kifupi kilikuwa chake. Alikuja mwenyewe, bila wakili, kwa kuwa aliamini chumba kizima hakina mtu mwenye akili ya kumhitajia wakili. Valdemir alikuwa amesimama mlangoni na kijiti cha meno, amekuja kuona mfanyakazi wake anavyojiaibisha.

"Turudie kidogo," Rejane alisema. "Chupa ishirini na nne ilitoka dumu gani?"

"B. Nilishakueleza asubuhi."

"Haikuwa na kanabidioli."

"Hata tone."

"Na Wanderlei Tozzo ndiye aliyeinywa."

"Orodha iko mbele yako, bibi mpelelezi."

"Una hakika na orodha?"

"Ningekuwa sina hakika na orodha nisingekuwa mwanasayansi."

"Sawa." Rejane akafungua karatasi ya Otacílio. "Damu ya Tozzo ina kanabidioli nyingi. Imefikaje humo?"

Daktari aliivuta ile karatasi kwake. Mlangoni, Valdemir alitoa kijiti cha meno.

"Labda alitumia nyumbani," daktari alisema.

"Labda. Tazama hii." Rejane aligeuza kompyuta. Wanderlei akatokea na kadi yake, thelathini na saba, anaongea na kope zilizolegea. "Aliikataa ishirini na nne. Unajua kwa nini, wewe ni wa hapahapa. Alikunywa thelathini na saba, ya dumu lako A. Mkemia ameipima. Ina kanabidioli na ina klonazepam. Amepima nyingine tatu za A, zote zina vyote viwili. Za B tatu ni mahindi tu."

"Ilza ndiye aliyejaza."

"Ilza alijaza kutoka kwenye dumu lililotoka kiwandani kwako likiwa na lakiri. Yeye hakujua A ni nini na B ni nini, wewe mwenyewe umejisifia hilo asubuhi. Lakini tuseme alijua. Sasa tuzungumzie ishirini na nne." Akabadilisha picha, Bi Cleusa akaanza kutetemeka kwenye kioo. "Huyu ndiye aliyeinywa, saa nne asubuhi, akaimaliza. Ingekuwa na klonazepam tuliyoikuta, asingefika mlangoni. Alikwenda kufua mapazia. Kwa hiyo ilitiwa baada ya kunywewa. Kwa faida ya nani? Ya mtu anayetaka chupa ile ionekane imemuua Tozzo, na hakuna aliyehitaji hivyo kabla Tozzo hajafa, saa saba. Ilza alitoka saa sita kumchukua mtoto shule, hakurudi, na alfajiri tulikuwa naye sisi. Ufunguo wa pili ni wako."

"Hizo ni hadithi."

"Wewe ulifungua bahasha usiku wa Jumanne, ukaona Tozzo ni mahindi, ukashangaa. Ulikuwa umeshaambiwa kwamba ana klonazepam kwenye damu, na wewe ndiye unayejua klonazepam iko wapi. Ungekaa kimya tu, huenda tungedhani alikunywa kwake mwenyewe. Lakini ukaona hapa kuna bahati: mtu wa mahindi amekufa kwa dawa, na mkewe wa zamani ndiye aliyejaza chupa. Ukadondosha matone yako kwenye chupa tupu ya namba aliyoikimbia. Hukumtazama mtu, Daktari. Ulitazama orodha."

Daktari aligeuka kumtafuta Valdemir, kama mteja anayemtafuta mwenye duka. Valdemir alikuwa ameshaondoka mlangoni, pengine kwenda kuandaa maneno ya kuonyesha kwamba siku zote alikuwa na mashaka.

"Wewe hujui kazi hii ilivyo," daktari alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. "Jaribio la kwanza nilitumia mafuta safi. Yalisaidia."

"Yalisaidia?"

"Kidogo. Baadhi ya watu, kwa dozi ile ya kati tu. Ukipunguza hakuna kitu, ukizidisha hakuna kitu. Unajua ni nini kwenda mbele ya watu wenye fedha na kuwaambia kidogo, baadhi, labda? Wanatazama simu zao. Kidogo hakiuziki."

"Ukaona uongeze kidogo cha dawa nyingine."

"Dawa ambayo kila bibi anainywa. Haikupaswa kumdhuru mtu. Yule mpumbavu alikwenda kunywa bia mbili juu yake."

"Hakujua ana nini tumboni. Wewe ulijua, na ulimwacha apande pikipiki." Rejane alikusanya karatasi. Alikuwa amekutana na wauaji wengi katika kazi yake, wengine aliwaogopa, mmoja au wawili aliwahurumia. Huyu alimtia kichefuchefu tu. "Ulikuwa na kitu ambacho huenda kinawasaidia watu, hata kama ni kidogo. Ukakionea haya. Sasa hakuna atakayejua kilikuwa kinafanya nini, hata wewe mwenyewe."

"Nataka wakili wangu."

"Utampata. Na umwambie aje na kiti chake."

Saa tisa na nusu walimleta Ilza Pavan kutoka mahabusu. Alikuwa na nywele zilizofungwa kwa kipande cha kitambaa na viatu visivyo na kamba. Rejane alimweleza yote kwa mpangilio, dumu, chupa, picha, Bi Cleusa. Ilza alisikiliza kama mfamasia, akauliza kipimo cha klonazepam kwa kila mililita, akatikisa kichwa alipoambiwa.

"Kwa hiyo natoka?"

"Kuna kitu kimoja. Wakili wa Quintela amefika. Atamwambia jaji kwamba zilibadilishwa kadi tu, chupa hazikubadilishwa, na Jandira anakutetea kwa sababu ni rafiki yako. Ataomba ubaki ndani mpaka ihakikishwe, na hiyo ni miezi. Nataka maelezo ya mtu aliyeishi na Wanderlei, aeleze kwa nini asingeinywa chupa ile hata kwa dawa."

Ilza alicheka kidogo, bila furaha. "Alipotimiza miaka ishirini na nne aliwaambia watu ametimiza ishirini na tatu na nyongeza. Keki niliiandika mimi hivyohivyo. Tarehe ya harusi tuliihamisha kwa siku mbili. Nilidhani ni utoto, utaisha."

"Yaseme hayo."

Akayasema, na Rejane akayaandika yote, geti, keki, harusi. Kisha akamgeuzia karatasi aisome. Ilza alisoma hadi katikati, akaweka kidole kwenye mstari unaosema Wanderlei aliogopa kuitwa swala.

"Hii itasomwa kwa sauti? Mbele ya watu?"

"Itasomwa. Na magazeti yatakuwepo, jambo lenyewe ni la bangi."

"Ile ishirini na nne ilikuwa mahindi tu," Ilza alisema. "Angeivaa ile kadi kwa muda wa saa mbili tu, angekuwa hai."

"Ndiyo."

"Watamcheka mji mzima."

"Amekufa, Ilza. Hawezi kuchekwa."

"Yeye hawezi. Lorena anarudi darasani kesho."

Rejane alitazama ule mstari. Alifikiria kuufuta. Bila mstari ule karatasi nzima haikuwa na maana, na wote wawili walilijua hilo. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa kumi kasorobo.

Ilza aliomba kalamu. Alitia sahihi chini, kisha kwenye kila ukurasa, akamrudishia.

"Tuma mtu kwa bibi yake Lorena sasa hivi," alisema. "Niletee mwanangu kabla hajaambiwa na mtu mwingine."